SKULI SI DUKA



Sisi tukaao nyuma ya mizani twaijua hesabu: duka lisilouza hufungwa. Lakini skuli si duka, wala mtoto si gunia la mchele, ahamishwe ghala hata ghala.

Huko Chicago, Marekani, tarehe 22 Mei 2013, Halmashauri ya Elimu ilikata shauri kufunga skuli zipatazo 50 kwa mkupuo mmoja. Hoja zilikuwa mbili: fedha hazitoshi, na madarasa ni matupu. Watoto wapatao 12,000 wakatawanywa, na walio wengi kabisa ni wana wa watu weusi. Wazee wao walijaa mikutanoni wakipinga. Nani awasikize? Wajumbe wote waliwekwa na Meya, na mtumishi humtazama aliyemwajiri.

Waliahidiwa skuli bora. Mwaka 2018 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kuwa masomo ya watoto wale yalirudi nyuma, hasa mwaka ule wa tangazo. Twauliza: faida i wapi?

Wananchi hawakulala. Mwaka 2015 watu 12 walianza kujinyima chakula kwa ajili ya skuli ya Dyett. Mgomo ukadumu siku 34, na mwaka 2016 skuli ikafunguliwa tena. Novemba 2024 mji ule ukawapigia kura wajumbe wake wa kwanza wa Halmashauri.

Basi na ieleweke: asiye na kura juu ya skuli, mwanawe huhesabiwa pamoja na madawati.