Jembe si Bustani

Mtu akianza kulalamikia kifundo cha mkono, kitu cha kwanza anachonyang'anywa nyumbani ni jembe, na jembe likiondoka huondoka na bustani nzima. "Mama, pumzika sasa, mboga tutanunua." Mwezi haujaisha, kitalu cha mchicha kimemezwa na magugu na mama amebaki kibarazani. Ushauri huu hutolewa kwa upendo, tena na watu wenye akili zao, kwa hiyo haufai kupuuzwa tu. Unastahili kujibiwa.

Tuutendee haki kwanza. Kiungo kilichovimba na kupata joto kinahitaji kupumzishwa, na siku hiyo hakuna wa kukutuma bustanini. Kulima kwa jembe ni kazi nzito kweli: likigonga ardhi kavu ya kiangazi, mshindo hupanda kwenye mpini na kuishia kifundoni. Wapo pia ambao shida yao haitibiwi kwa kubadili zana. Mwenye viungo vidogo vya mikono yote miwili vinavyokaza asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, au anayeamshwa usiku na ganzi ya kidole gumba na viwili vinavyofuata, aende hospitali kabla ya kusoma makala kama hii. Yote hayo nayakubali. Ila hayathibitishi kwamba bustani iachwe. Yanathibitisha kwamba jembe liachwe, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Kwanza, huko kupumzika kwenyewe. Wengi wetu huamini kwamba kiungo huisha kama bushi ya gari, hivyo ukikiegesha kitadumu. Lakini bushi haina uhai. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo hulifikia vizuri kiungo kinapobanwa na kuachiwa, yaani kinapotumika. Misuli nayo ikikaa bure hunyong'onyea, na mzigo iliokuwa ikiubeba hukiangukia kiungo kilekile tulichotaka kukihurumia. Ndiyo maana EULAR, muungano wa Ulaya wa vyama vya magonjwa ya viungo, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu kuchakaa kwa viungo vya mikono, haukuagiza mgonjwa akae. Uliagiza mazoezi, mafunzo ya kufanya kazi bila kukibana kiungo, kuigawa kazi kwa vipindi, na vifaa vya kusaidia. Hayo ni maagizo kwa mtu anayetarajiwa kuendelea na shughuli zake.

Pili, na hapa ndipo penye kiini, tumezoea kudhani kwamba pasipolimwa hapapandwi. Desturi ya kugeuza udongo tumeitoa kwenye shamba la mahindi tukaileta nyuma ya jiko bila kuihoji. Kihamba, yaani bustani ya nyumbani ya Wachagga, kimelisha vizazi kwa migomba, kahawa na magimbi, mimea inayodumu chini ya kivuli, udongo ukifunikwa na majani na kulishwa samadi. Hakuna anayekipindua chote kwa jembe kila msimu. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, imekitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima.

Anayesema hana kihamba atazame Kibera, Nairobi. Huko gunia husimamishwa, kopo lisilo na kitako likawekwa katikati na kujazwa kokoto, udongo na samadi vikamwagwa pembeni, kopo likavutwa juu kidogo na kujazwa tena, hadi gunia lijae na nguzo ya kokoto ibaki ndani ikipitisha maji. Sukumawiki hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni, na mtu huvuna amesimama. Lesotho nako, bustani za duara zilizoinuliwa kwa mawe zilienezwa kwa kaya ambazo Ukimwi ulikuwa umewadhoofisha watu wake, ili hata mgonjwa na mzee waweze kuzihudumia. Basi bustani inayoufuata mwili wa mwenye nayo si anasa ya Ulaya. Imebuniwa na kutumiwa Afrika, mahali penye shida kuliko kwetu.

Mtu atauliza: palizi je? Swali la haki, maana kung'oa magugu kwa ncha za vidole kunaumiza kuliko kunavyoonekana. Mwaka 1977 watafiti Cooney na Chao walikokotoa kwamba kubana kitu kwa nguvu ya kilo 1 kwenye ncha ya kidole gumba huleta mzigo wa takriban kilo 12 kwenye kiungo cha shina la kidole hicho. Kwa hiyo usifinye. Funika udongo kwa nyasi kavu au majani ya migomba, unene wa kiganja, na magugu mengi hayataona jua. Machache yatakayochomoza yafuate baada ya mvua, ardhi ikiwa imelegea, kwa kisu chenye mpini ulionenepeshwa kwa tyubu kuukuu ya baiskeli. Kishike kwa ngumi nzima, kifundo kikiwa kimenyooka. Mchicha nao ukate badala ya kuung'oa, utachipua tena.

Maji yana kanuni hiyohiyo: mzigo upande kwenye kiungo kikubwa. Dumu la lita 20 ni kilo 20 zinazoning'inia kwenye vidole vinne. Tumia kidumu cha lita 5 ndani ya kikapu chenye mikanda, ukipitishe kwenye kigasha karibu na kiwiko, urudie safari.

La baridi nitalimaliza haraka. Husemwa kwamba ubaridi wa udongo mbichi ndio unaoleta ugonjwa wa viungo. Ingekuwa hivyo, kwenye joto la Tanga na Mombasa kusingekuwa na wagonjwa wake. Baridi inaweza kukaza kiungo ambacho tayari kinauma, kwa hiyo subiri jua lipande ndipo utoke.

Ni kweli pia kwamba mboga zipo gengeni, na bei yake si ya kutisha. Ila aliyeondolewa bustanini hakupoteza mboga peke yake. Amepoteza sababu ya kuinama, kunyoosha mkono na kutoka nje kila asubuhi. Kipimo cha kiasi anacho mwenyewe: maumivu yakiwa bado makali kuliko ya kabla ya kazi saa mbili baada ya kuacha, kesho apunguze. Na mtoto anayekuja Jumamosi kumkataza mama jembe, alete magunia mawili na toroli la samadi, ayajaze mwenyewe kabla ya chakula cha mchana. Miche mama ataipanda.