Kwenda Kyondo kwa siku moja hakuhitaji mfuko wa mtalii

Kila likizo inapokaribia, vijana wa Butembo hufanya mpango uleule. Wanachangisha pesa za matembezi, wanatafuta gari la kukodi, wanaongeza soda, nyama ya kuchoma na mashine ya muziki. Siku mbili kabla ya safari, nusu yao wanajiondoa kwa sababu mchango umepita uwezo wao. Wanaobaki nyumbani wanajifunza somo baya: kwamba kupanda mlima na kuangalia inchi yako kutoka juu ni starehe ya wenye dola.

Mimi sikubali. Kinachokula pesa kwenye matembezi hayo ni gari la kukodi, na mlima wenyewe haudai kitu. Gari hilo halina lazima kwa mtu anayeenda Kyondo. Wakaaji wa kule wanashuka Butembo kuuza mazao na wanarudi kwao siku hiyohiyo, kwa moto au kwa nafasi kwenye gari la mizigo na abiria. Kama mama mwenye gunia la viazi anaweza safari hiyo, mwanafunzi mwenye mfuko mdogo mgongoni ataishindwa kwa nini?

Kwa asiyepafahamu, Kyondo iko mashariki ya Butembo, katika usultani wa Bashu, teritware ya Beni. Butembo yenyewe tayari iko juu, na milima ya Bashu inapita mita 2.000. Upande wa mashariki inchi inakatika na kushuka hadi bonde la Ziwa Edward, ambalo liko kwenye mita 900 na kidogo tu. Ukisimama kwenye ukingo asubuhi ya hewa safi, unaelewa kwa macho yako jambo ambalo mwalimu wa jografia alihangaika kulichora ubaoni: hili ni bonde la ufa, na sisi tunaishi kwenye ukuta wake. Samaki unayekula Butembo anatoka kule chini, Kyavinyonge, na amepanda ukuta huo kabla ya kufika kwenye sahani yako.

Sasa tuje kwenye mpango, maana ndipo watu wanapokosea. Wengi wanahesabu pesa ya kwenda na kusahau kwamba ya kurudi ni ngumu zaidi. Asubuhi, dereva wa moto aliyeleta abiria mjini anarudi kwao bila mtu. Anakubali bei ya chini kuliko kurudi mtupu. Jioni mambo yanageuka. Unamwomba mtu wa Kyondo ashuke mjini giza likikaribia, kisha arudi peke yake usiku, na barabara ikiwa ya matope. Atakutajia bei mara mbili, na hakuibii. Kwa hiyo pesa ya kurudi itengwe kwanza, ifichwe mahali ambapo njaa ya saa sita haitaifikia. Iwe franga mkononi. Pesa ya simu ni msaada, lakini mtandao ukikatika huwezi kumlipa dereva kwa maneno. Weka na akiba nyingine ndogo kwa ajili ya mvua, kwa sababu mvua hupandisha bei kila mahali.

Siandiki bei hapa kwa makusudi. Esanse ikipanda wiki ijayo, bei yangu itakuwa uongo na itakuletea ugomvi. Siku moja kabla, uliza watu wawili wasiofahamiana, hasa mama wa sokoni anayetoka kule. Yeye analipa nauli hiyo kila wiki na hana sababu ya kukudanganya. Kama unaweza kuchagua, nenda siku ya soko: magari ni mengi, na chakula kinapatikana. Na tafadhali, msipande watatu kwenye moto moja ili kuokoa franga kidogo. Miteremko ya Bashu haifai kwa mchezo huo.

Jambo la pili ni saa. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Mwezi wowote, jua linatoka karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni, na giza haliji polepole kama katika sinema za Ulaya. Una saa kumi na mbili tu. Toka Butembo mara kukipambazuka, uwe kwenye ukingo kabla ya saa nne, wakati mawingu bado hayajafunika bonde. Saa nane mchana uwe barabarani unatafuta moto ya kurudi, hata kama wenzako wanasema bado mapema. Mvua zetu nyingi huanguka mchana, na Januari, Februari, Juni na Julai ndiyo miezi yenye mvua kidogo. Beba koti. Watu wa Butembo wanajivunia baridi yao, lakini ukipanda juu zaidi huku umelowa jasho, upepo wa ukingoni utakutetemesha.

Chakula si tatizo. Ndizi, karanga, viazi vilivyochemshwa nyumbani na lita mbili za maji kwa kila mtu zinatosha kwa siku nzima, na uzito wake unaubeba wewe mwenyewe, si gari. Chupa tupu rudi nazo.

Je, unahitaji kiongozi wa njia? Kwa kufuata barabara na njia za wakulima hadi pa kuangalia bonde, hapana. Unahitaji ulimi na adabu. Salimia watu, sema umetoka wapi na unaenda wapi, pita kando ya shamba la maharagi na si katikati. Mkifika kundi, jitambulisheni kwa chefu wa mtaa kabla hajasikia habari zenu kwa wengine. Lakini kuna mpaka mmoja ambao huwezi kuuvuka kwa adabu tu: chini ya milima hiyo ni Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, na humo huingii kwa kujiamulia. Angalia bonde kutoka juu. Kulishukia ni safari nyingine, yenye ruhusa nyingine na hatari nyingine.

Najua msomaji ameshajiuliza: matembezi gani haya katika inchi ya vita? Swali ni la haki. Kivu ya Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na kwa wengi wetu kupanda mlima kwa miguu kuna maana moja tu: kukimbia, godoro kichwani na mtoto mgongoni. Sitamwambia mtu kwamba hofu hiyo ni ya bure. Ninachosema ni kwamba uamuzi ufanywe asubuhi ileile, si wiki moja kabla. Piga simu kwa mtu anayelala kule, umuulize usiku ulikuwaje. Akisita, hamwendi, na hakuna mchango wa kupoteza kwa sababu hamkukodi gari la mtu. Hiyo ni faida ya usafiri wa kawaida ambayo watu hawaihesabu: kundi lililolipa gari nzima hulazimisha safari hata habari ikiwa mbaya, kwa sababu pesa hairudi.

Kila mtu awe na kadi yake ya uchaguzi, na mwanafunzi abebe ya shule. Simu ibaki mfukoni mnapopita bariera, maana picha ya ziwa haina tatizo, lakini picha ya askari ina tatizo kubwa.

Kuna kazi pia kwa walio juu yetu, na haihitaji bajeti ya Kinshasa. Vyama vya madereva wa moto wangeweza kuandika nauli ya kawaida ya Kyondo kwenye kibao pale abiria wanapopandia, ya mchana na ya jioni, ili mgeni na dereva wasianze safari kwa kubishana. Komini ya Kyondo ingeweza kuonyesha sehemu moja ya ukingo ambapo wageni wanakaribishwa kukaa, mbali na mashamba, na kumruhusu mama mmoja auze chai pale. Na walimu wa jografia wa Butembo wangeweza kuacha ubao siku moja kwa mwaka. Darasa la kumi na watano, moto nane, viazi vya kuchemsha, kurudi kabla ya saa kumi. Wazazi wataulizia usalama kwanza na bei baadaye. Mwalimu aende na majibu yote mawili yameandikwa, pamoja na namba ya mtu wa Kyondo ambaye atapigiwa simu asubuhi hiyo kabla ya mtoto yeyote kupanda moto.