Milimita 20 za mvua si mchezo, vijana tujifunze kusoma utabiri

Aprili 2024 nilikuwa naishi kwa bedsita ya chini kabisa, hatua chache kutoka mtoni hapa Nairobi. Jioni moja ujumbe ukaingia kwa simu: mvua kubwa inatarajiwa, zaidi ya milimita 20 ndani ya saa 24. Nilicheka. Milimita 20 ni sentimita mbili kwa rula, hata slipa haifuniki.

Mama mboga wa plotini aliniambia, "Kijana wangu, weka hiyo laptopu yako juu ya kabati." Nikamjibu, "Usijali mathe, hao kazi yao ni kutisha watu." Nikalala.

Saa nane usiku maji yalikuwa yamefika kwa godoro. Laptopu ilikuwa sakafuni, inachaji. Nilitoka na simu na suruali moja, na bado mimi nilikuwa na bahati. Mafuriko ya msimu huo yaliua zaidi ya watu 200 nchini.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sijifanyi mtaalamu. Lakini baada ya usiku ule nilikaa chini nikajiuliza: hizi nambari tunazotumiwa kila msimu zinamaanisha nini?

Hesabu yenyewe ni rahisi. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Chukua keja ya futi kumi kwa kumi. Milimita 20 zikinyesha, paa hilo moja linamwaga karibu lita 186, yaani mitungi tisa ya lita 20. Sasa chukua ekari moja ya mtaa iliyojaa mabati, simiti na lami. Hizo ni lita 80,000, malori manane ya maji ya lita 10,000 kila moja. Udongo ungefyonza kiasi, lakini simiti haifyonzi kitu. Na mitaro, wacha tuseme ukweli, tumeiziba kwa chupa na takataka zetu wenyewe.

Kuna maneno mengine mawili pale ambayo mimi niliyaruka. "Zaidi ya" inamaanisha 20 ndio mwanzo, si mwisho. "Saa 24" nayo haisemi mvua itagawanywa polepole kutwa nzima. Inaweza kumwagika yote kwa saa moja, na hapo ndipo balaa huanza.

Pia mimi nilikuwa naangalia mawingu ya mtaani kwetu pekee. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu. Mvua ikipiga huko juu, maji yanashuka kwetu hata kama kwetu ni manyunyu tu. Kwa hivyo ukiona Kiambu imetajwa kwenye tahadhari na unaishi kando ya mto Nairobi, jua na wewe umetajwa.

Halafu kuna asilimia. Simu ikisema uwezekano wa mvua ni asilimia 60, kisha jua liwake siku nzima, tunasema "walitudanganya". Hapana. Maana yake ni kwamba kwa siku kumi za aina hiyo, sita hunyesha na nne hazinyeshi. Ukiambiwa matatu unayotaka kupanda huharibika breki safari sita kati ya kumi, utapanda?

Upepo nao hutajwa kwa noti, na hapa noti si pesa. Ni kipimo cha mabaharia. Noti 25 ni karibu kilomita 46 kwa saa, kasi ya bodaboda ikiwa na haraka. Bati lililolegea haliwezi kuhimili hiyo. Na digrii unazoona kwa simu ni za kivulini. Chini ya mabati saa nane mchana, ongeza.

Lakini lawama si yetu peke yetu. Ujumbe wa kuokoa maisha haufai kuja kama mtihani wa jiografia. Wanaotoa tahadhari waandike kwa Kiswahili chepesi, hata Sheng, na waseme nambari itafanya nini: mto huu unaweza kufurika usiku, wa nyumba za chini hamisheni watoto na vitu. Chifu na wenye redio za mitaani wapitishe neno hilo hilo. Mtu akielewa, atahama.

Kabla hilo lifanyike, tahadhari ikiingia kwa simu yako jiulize mambo matatu. Ni milimita ngapi? Kwa muda gani? Na huko mto unakotoka kumetajwa? Kisha inua vitu vyako juu, chaji simu, na umgongee mlango jirani aliye chini. Mimi siku hizi naishi orofa ya tatu, lakini mama mboga bado yuko pale pale chini. Msimu huu mimi ndiye humpigia.