Tairi Kubwa na Nguvu Zilizopotea

Pikapu nyingi za mashambani zimevalishwa tairi kubwa kuliko zile zilizotoka nazo kiwandani. Nia ya wenyewe huwa njema: njia zina matope na mawe, na kila mtu hutaka tumbo la gari lake liinuke. Lakini halipiti juma moja kabla malalamiko hayajaanza. Gari limekuwa zito, halipandi mlima, na petroli yaisha upesi.

Jambo hilo lilimpata mkulima mmoja wa Kinangop. Pikapu yake ilikuwa na tairi za kimo cha inchi 28, naye akaziondoa akatia za inchi 31. Mwanzoni alifurahi sana, maana tope lililokuwa likimlaza njiani sasa alilivuka. Kisha akateremka Naivasha kuchukua magunia 16 ya mbolea, kila gunia kilo 50. Mlima aliozoea kuupanda kwa gia ya tatu ukamlazimu kutumia ya pili, na mahali pengine ya kwanza, huku harufu ya klachi inayoungua ikimjaa puani. Usiku ukamkuta njiani, na kesho yake vibarua wa kupanda viazi wakakaa bure shambani wakingoja mbolea.

Mtu mmoja akamwambia kwamba plagi zimechoka. Mwingine akasema pampu ya petroli imekufa. Akanunua zote mbili, na gari likabaki vile vile. Alikuwa karibu kuuza ng'ombe wa maziwa ili injini ifunguliwe, ndipo fundi mmoja mzee alipochukua utepe, akapima tairi, akamwambia, "Bwana, injini hii haina ugonjwa. Ni miguu yake iliyorefushwa."

Maneno hayo ni kweli. Mtu atekaye maji kisimani kwa kuzungusha gogo lenye kamba anajua habari hii. Gogo likiwa nene, ndoo hupanda mbali zaidi kwa kila mzunguko, lakini mkono huchoka mapema. Ndivyo ilivyo kwa tairi. Tairi ya inchi 28 huzunguka mara 448 hivi katika kilometa moja. Ile ya inchi 31 huzunguka mara 404 tu. Injini yafanya kazi ile ile kwa mizunguko michache, kwa hiyo msukumo unaofika ardhini hupungua karibu sehemu moja ya kumi. Tena tairi kubwa kwa kawaida ni nzito zaidi, na uzito huo nao hudai nguvu kila gari linapoondoka.

Juu ya hayo, nchi ya Kinangop i juu sana. Kwenye kimo cha meta 2,500 hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Ndiyo sababu mwenye pikapu wa Mombasa aweza kutia tairi hizo asihisi jambo kubwa, na mwenziwe wa milimani akadhani gari limerogwa.

Tena spidomita hudanganya. Ikionyesha 80, gari laenda karibu 89. Ikionyesha 50 mjini, dereva amekwisha kuvunja sheria. Hesabu ya kilometa pia hupungua: zikiandikwa 5,000 gari limekwenda zaidi ya 5,500, na oili imepitiliza siku yake. Hata petroli huonekana kuliwa kuliko inavyoliwa kweli.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza, na iliyo rahisi, ni kurudisha tairi za kimo cha zamani, lakini zenye meno makali ya kushika tope. Mara nyingi gari hukwama kwa sababu meno ya tairi yamelika, wala si kwa sababu tairi ni fupi.

Ya pili ni kubadili gia za difu. Ndani yake gurudumu dogo la meno huzungusha kubwa. Katika pikapu ya mkulima huyu dogo lilikuwa na meno 11 na kubwa 43, yaani mizunguko 3.9 ya propela kwa mzunguko mmoja wa tairi. Fundi akatafuta difu ya meno 10 kwa 43, yaani 4.3. Hesabu yake ni nyepesi: 3.9 mara 31, gawanya kwa 28, jibu ni 4.3. Msukumo ukarudi karibu wote, na kwa kuwa kamba ya spidomita yake yatoka kwenye giaboksi, spidomita nayo ikarudi kusema kweli.

Kazi hiyo si ya kubahatisha. Meno yasipopangwa sawasawa difu hulia, kisha husagika. Na pikapu inayoendeshwa kwa magurudumu manne lazima ibadilishwe difu ya mbele na ya nyuma pamoja. Zikitofautiana, gia zitashindana mpaka kitu kivunjike.

Hata baada ya hayo, breki ni zile zile na chemchemi ni zile zile. Tairi kubwa haiongezi ruhusa ya kubeba mzigo, na mteremkoni yafaa breki zikanyagwe mapema zaidi. Tena itazamwe kama tairi haigusi bodi usukani unapokatwa hadi mwisho, gari likiwa na mzigo.

Mkulima wa Kinangop angali na ng'ombe wake. Plagi na pampu alizozitoa zimo katika sanduku ghalani, nazo ni nzima. Mwenye pikapu iliyolegea baada ya kuvishwa tairi mpya na aanze kwa utepe wa kupimia, kabla hajaufungua mfuko wa fedha. Mtaka yote hukosa yote: atakaye kimo hana budi kukilipia kwenye gia, ama akikose.