Programu ilivyomfuta babu ya shosho

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu. Sikupotea. Nilikuwa kwa shosho, hapa hapa Mwihoko, laptopu mkononi, tukimtafuta babu yake mzaa baba, mtu wa karne ya 19.

Nilianza kama mwanaprogramu yeyote: nikapakua programu ya bure ya kuchora mti wa ukoo. Ikataka jina, jina la ukoo na tarehe ya kuzaliwa. Nikakwama papo hapo. Kwetu Wakikuyu, mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Wasichana nao huwafuata nyanya zao vivyo hivyo. Kwa hiyo Njoroge anamzaa Kamau, Kamau anamzaa Njoroge. Jina linaruka kizazi kimoja, kisha linarudi.

Programu ikaona akina Njoroge wa Kamau wawili, ikaniuliza kama ni mtu mmoja niwaunganishe. Ilikuwa saa sita usiku, nikabofya ndiyo. Asubuhi nikamsomea shosho orodha. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kaka yangu nimemsikia. Na guka wangu umempeleka wapi?"

Mtasema kosa ni langu, na kweli nilibofya mimi. Lakini angalieni muundo wa data. GEDCOM, muundo wa faili ambao programu nyingi za ukoo hutumia, ulitolewa na kanisa la Wamormoni la Marekani mwaka 1984. Ndani yake jina la ukoo lina mahali pake maalum, kati ya mistari miwili ya mshazari. Sisi hapo tuweke nini?

Tena, utafiti wa aina hiyo unategemea karatasi, na karatasi hukumbuka tu wale ambao serikali ilijali kuwaandika. Hata Marekani ni hivyo. Sensa ya 1850 iliandika kila mtu huru kwa jina lake. Watumwa, mwaka huo na 1860, waliorodheshwa kwa umri na jinsia chini ya jina la mwenye kuwamiliki. Wengi wao majina yao yalionekana mara ya kwanza mwaka 1870. Huku kwetu, kipande cha sheria ya 1915, kilichoanza kutolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kilikuwa cha wanaume. Ukianza na karatasi, bibi wa karne ya 19 hayupo.

Basi nikaiacha ile programu, nikatengeneza jedwali langu. Badala ya tarehe, naandika tukio. Shosho anasema babu yake alikuwa ameshatahiriwa Ng'aragu ya Ruraya ilipoingia, ile njaa kuu ya 1898 hadi 1900 iliyokuja pamoja na ndui. Basi huenda alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 au kabla. Naandika tukio kwanza, makadirio baadaye, pamoja na jina la aliyenisimulia. Na jina la mtu nalichukulia kama kielekezi: linaniambia nikamtafute nani vizazi viwili nyuma.

Nilifikiri hilo ni wazo langu jipya, mpaka nilipomwuliza shosho nyanya yake mzaa baba aliitwa nani. Yeye ndiye binti wa kwanza wa Kamau. Akacheka. "Si ndiye mimi? Kwani mimi naitwa nani?"

Wambui. Kipande hakumjua, nami nimekuwa nikilisikia jina lake tangu utotoni.

Guka wangu alifariki 2017, nikiwa mwaka wa pili chuoni nikisomea mambo ya hifadhidata. Sikuwahi kumwuliza swali hata moja, na hakuna programu itakayonirudishia hayo.

Kwa hiyo msomaji, kabla ya kupakua chochote, washa kinasa sauti cha simu, nenda ukaketi na mzee wako. Na kompyuta ikikuuliza kama wale wawili ni mtu mmoja, usiijibu kabla hujamwuliza yeye.