BARAZA LA NYUMBANI: Hadithi za Mapenzi na Saa ya Kuziandika



Barua nyingi zinazofika katika baraza hili huuliza habari za mapishi, malezi ya watoto na ushonaji. Majuma machache yaliyopita ilifika barua ya namna nyingine. Aliyeiandika ni mke wa askari, mama wa watoto watatu, akaaye katika nyumba za kambini. Aeleza kwamba kila usiku, watoto wakiisha kulala, huketi mezani akaandika hadithi ya mapenzi katika madaftari ya shule yaliyobaki kurasa. Amekwisha kujaza madaftari manne. Mumewe, ambaye kazi yake humweka mbali kwa miezi mingi, alipokuja likizo aliyaona madaftari hayo, akacheka, akasema, "Mama watoto, uongo huu wote utatufaa nini?"

Mama huyo atuuliza mambo mawili. Kwanza, je, kazi hiyo ni upuuzi? Pili, ikiwa si upuuzi, wale walioifanya mpaka wakajulikana duniani waliifanya kwa njia gani?

Nitaanza na swali la pili, maana ndani yake mna jibu la lile la kwanza. Nimechagua mfano wa mwanamke mmoja wa Uingereza, Barbara Cartland, aliyeandika riwaya 723, karibu zote za mapenzi. Wengi walimjua kwa mavazi yake ya rangi ya waridi, mapambo na mbwa wake mdogo mweupe, wakamdhania kuwa ni mtu asiyejua shida. Aliyeyajua maisha yake hawezi kusema hivyo.

BINTI WA ASKARI

Barbara alizaliwa tarehe 9 Julai, 1901, karibu na mji wa Birmingham. Babu yake alikuwa tajiri, lakini mali ile ilipotea Barbara akiwa angali mtoto mchanga. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, baba yake, Bertram Cartland, alikwenda kupigana, akafikia cheo cha meja. Aliuawa nchini Ufaransa tarehe 27 Mei, 1918, ikiwa imebaki miezi michache tu vita vimalizike.

Mjane wake, ambaye jamaa walimwita Polly, alibaki na binti mmoja na wavulana wawili, Ronald na Anthony. Hakukaa akingoja kusaidiwa. Alifungua duka la nguo mjini London, akawalea watoto wake. Barbara naye akaanza kuandika habari fupi fupi katika gazeti la Daily Express, na huko ndiko alikojifunza kuandika sentensi zisizomchosha msomaji. Riwaya yake ya kwanza, Jigsaw, ilitoka alipokuwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu.

Wala ndoa yake ya kwanza haikufanana na hadithi zake. Aliolewa mwaka 1927, na mwaka 1933 ndoa ikavunjika mahakamani. Mwaka 1936 aliolewa tena, na Hugh McCorquodale, binamu wa yule mume wa kwanza, askari aliyekuwa amejeruhiwa vibaya katika Vita Kuu ya Kwanza. Kwa huyu alipata raha. Walikaa pamoja miaka 27, mpaka kifo kilipowatenganisha mwaka 1963.

MWEZI WA MEI

Mwaka 1940 majeshi ya Uingereza yalikuwa yakirudi nyuma kuelekea bandari ya Dunkirk. Ndugu zake wote wawili walikuwamo. Ronald alikuwa mbunge kijana ambaye watu walimtazamia makuu. Anthony alikuwa kapteni. Anthony aliuawa tarehe 29 Mei, Ronald akauawa siku iliyofuata, tarehe 30. Mama yule aliyempoteza mume katika mwezi wa Mei wa vita vya kwanza, aliwapoteza wanawe wote wawili katika mwezi wa Mei wa vita vya pili.

Ninyi mnaoishi kambini hamna haja ya kuelezwa na mtu neno hilo lina uzito gani. Mnajua jinsi nyumba inavyonyamaza gari lisilotazamiwa linaposimama nje. Barbara alifanya alilojua kufanya: alikalia kiti akaandika. Mwaka 1942 kilitoka kitabu chake cha maisha ya Ronald, na Winston Churchill mwenyewe ndiye aliyeandika dibaji.

Tena hakuishia katika kalamu. Wakati wa vita hivyo alitumikia akiwa mwangalizi wa ustawi wa askari katika jimbo la Bedfordshire. Tangu mwaka 1941 nguo nchini Uingereza zilinunuliwa kwa kuponi, na binti aliyekuwa katika utumishi wa jeshi hakuwa na kuponi za kutosha kwa gauni la harusi. Ilimpasa aolewe na sare yake, kisha arudi kazini. Barbara aliona kwamba hilo ni jambo dogo kwa serikali yenye vita mkononi, lakini ni jambo kubwa kwa bibi harusi ambaye huenda akakaa na mumewe siku mbili tu. Basi akayatafuta magauni meupe yaliyokwisha kuvaliwa, ambayo hayakuhitaji kuponi, akawashawishi wakubwa wa jeshi, na magauni hayo yakawa yakiazimwa na maharusi mmoja baada ya mwingine. Gauni moja lilivaliwa na wengi.

Mimi nadhani hadithi zake zote zafanana na gauni lile. Halikuwa la mwenye kulivaa, na jioni lilirudishwa. Lakini kwa siku moja lilimpa mtu furaha ambayo vita vilikuwa vimemnyima.

SAA SABA MCHANA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana mama wa madaftari manne ataka kujua namna.

Tangu mwaka 1950 Barbara aliishi katika nyumba kubwa iitwayo Camfield Place, jimboni Hertfordshire. Asubuhi zake zilikuwa za barua na shughuli za nyumbani. Baada ya chakula cha mchana, yapata saa saba, alijilaza juu ya kochi, akajifunika blanketi, akaweka miguuni chupa ya mpira yenye maji ya moto, mbwa wake akiwa kando. Nyuma yake aliketi katibu wake na daftari la hati mkato. Barbara alifumba macho akaanza kusimulia, kana kwamba ni bibi awasimuliaye wajukuu. Mpaka saa tisa na nusu alikuwa amekwisha kutamka maneno 6,000 au 7,000, yaani sura nzima. Kesho yake, saa ile ile, sura nyingine. Kwa muda wa majuma mawili kitabu kilikuwa kimekwisha.

Asidhani mtu kwamba maneno hayo yalitoka hewani. Kabla ya kuanza riwaya moja alisoma vitabu vingi vya historia, maana hadithi zake nyingi alizipeleka katika karne ya 19, naye alitaka kujua watu wa siku zile walivaa nini, walikula nini na walisafiri kwa magari gani ya farasi. Mchana alisimulia, nyakati nyingine alisoma. Kisima kisichoingiza maji hukauka upesi.

Tena alizipenda aya fupi. Alijua kwamba msomaji wake amechoka, na kwamba akikutana na maelezo marefu ya milima na mawingu atayaruka ili ayafikie mazungumzo.

Jambo la kutuonya sisi tunaopenda kusema "umri umekwisha pita" ni hili: sehemu kubwa ya vitabu vyake aliviandika baada ya kufiwa na Hugh, akiwa mjane mwenye umri uliopita miaka 60. Katika mwaka 1976 pekee aliandika riwaya 23, akaingia katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Mwaka huo alitimiza miaka 75. Alipofariki, tarehe 21 Mei, 2000, aliacha miswada ipatayo 160 ambayo haijapigwa chapa, nayo ikaendelea kutolewa baadaye. Alizikwa katika bustani yake, chini ya mti wa mwaloni, ndani ya jeneza la karatasi ngumu.

WALIOMCHEKA

Haingekuwa haki kuuficha upande wa pili. Wahakiki wengi walizicheka riwaya zake, nao hawakukosa sababu. Ukisoma tano umezifahamu mia. Msichana ni mzuri, bikira na mwenye moyo safi. Mwanamume ni tajiri, mara nyingi mwenye cheo cha ukabaila, na mwenye kiburi mpaka mapenzi yamvunje. Kitanda hakitajwi kabla ya ndoa. Na mwisho ni busu na kanisa. Mtu aandikaye kwa kasi namna ile hana nafasi ya kulipima kila neno, na msomaji mwangalifu huona.

Tena kuna hatari kwa wasomaji. Mke akizisoma sana asije akampima mumewe kwa kipimo cha mwana wa mfalme. Mume wa kweli hurudi na buti zenye tope, mshahara haujatosha, na maneno matamu yamemwishia njiani. Kadhalika mume asije akatazamia mke wa kweli awe kama msichana wa kitabuni asiyekasirika, asiyeugua, wala asiyeulizia karo ya shule. Hadithi inapofikia harusi husimama. Sisi hapo ndipo tunapoanza.

Lakini Barbara hakuwa mjinga wa mambo hayo. Aliyaona mahakamani mwaka 1933. Alijua ndoa huvunjika, alijua baba hufa na ndugu hawarudi. Akaamua, kwa kujua, kuandika mwisho mwema, mara mia saba na zaidi. Sioni kwamba ule ni uongo. Mwongo hutaka umwamini ili akudhuru. Mtunzi wa hadithi hukuambia tangu ukurasa wa kwanza kwamba hii ni hadithi, kisha akupa saa mbili za kupumzisha moyo, ili kesho uweze kuamka.

KWA MAMA WA MADAFTARI MANNE

Basi, mama mpendwa, kazi yako si upuuzi. Nakuomba uchukue kwa Barbara Cartland mambo yafuatayo, na mengine umwachie mwenyewe.

Chukua saa yake. Yeye alikuwa na kochi, katibu na wapishi. Wewe una meza na taa. Lakini saa isiyobadilika hainunuliwi kwa fedha. Ikiwa ni saa tatu usiku, iwe saa tatu usiku, ujapokuwa na ukurasa mmoja tu wa kuandika. Mumeo ni askari. Atakwambia mwenyewe kwamba zamu isiyo na saa si zamu.

Chukua kusoma kwake. Usiku usioandika, soma. Azima vitabu, uliza wazee, sikiliza namna watu wanavyogombana na kupatana.

Chukua sauti yake. Ukiisha kuandika, jisomee kwa sauti. Panapokukwaza ulimi ndipo patakapomkwaza msomaji. Waswahili walitunga na kusimulia kwa mdomo kabla ya taipu kujulikana, na sikio lingali mwalimu mzuri kuliko wote.

Lakini usichukue makabaila wake. Yeye aliwajua kwa kusoma, wewe hukuwaona. Unayoyajua wewe, yeye hakuyaandika: lori liondokalo alfajiri na wanawake waliosimama wakipunga mikono hadi vumbi litulie; foleni ya bombani ambako kila mmoja huulizia habari bila ya kuonyesha kwamba aogopa; mtoto mdogo anayemkimbia baba yake kwa sababu amemsahau sura, na baba ajifanyaye hakuumia. Andika hayo. Ukitaka yaishe vyema, yaishe vyema. Lakini furaha ya mwisho iwe imelipiwa gharama yake katika kurasa za kwanza, isije ikaonekana imeokotwa njiani.

Na wewe, ndugu askari uliyecheka, sina ugomvi nawe. Nina ombi moja tu. Ukirudi likizo nyingine, usimwulize mkeo uongo ule utafaa nini. Mwombe akusomee daftari la kwanza, watoto wakiisha kulala. Huenda ukakuta kwamba yule mwanamume aliye mbali, anayengojewa kurasa kwa kurasa, una habari zake.

Mpaka juma lijalo, wapenzi wasomaji, kwaherini.