Antene moja refu haitatuponyesha

Ndugu wafanyakazi, bamama na bavijana wa Kolwezi,

Kila siku ya mushahara, na zaidi wakati ajali inatokea ku kariere, simu zetu zinakufa. Si batri. Rezo inaonekana ku kioo, lakini kuita haiwezekani, ao sauti inakatika-katika. Mama anabakia na simu mu mukono: bwana yangu alitoka mu shimo ao hapana?

Mu mikutano, wengi wanasema tuombe sosiete za simu zisimamishe antene refu, yenye nguvu kabisa. Sisi wa sendika tunasema hapana, maana hiyo itazidisha mateso.

Tuelezane. Sauti ya simu inapita mu hewa ku njia zenye kuhesabiwa, zinaitwa frekanse. Mu GSM ya mwanzo, ile ya megahertzi 900, kulikuwa njia 124 tu, na sosiete zote za inchi zilipaswa kuzigawanya. Njia moja inabeba simu 8 kwa wakati mumoja. Piga hesabu: haifike hata simu elfu moja. Sasa namna gani inchi nzima inasema? Ni kwa sababu njia ileile inatumika tena mahali pengine, mbali. Njo siri yote.

Sisi wa migodi tunaijua hiyo ku foni. Bashofere wa kariere mbili zenye kuachana mbali wanaweza kusemea ku kanali moja bila kusumbuana. Uwaweke mu kariere moja, huyu anasema "simama", yule anasema "endelea", na hakuna mwenye kusikia. Antene refu yenye nguvu nyingi inafanya vilevile: inatupa sauti yake mpaka ku njia za antene jirani. Na haiongeze nafasi hata moja. Kartiye kumi zinagombania zilezile.

Mu 4G, antene jirani mara nyingi zinatumia frekanse moja, kwa hiyo kuchunga nguvu kunaomba uangalifu zaidi.

Dawa ni antene nyingi, fupi, za nguvu kidogo, zenye kuinamishwa kuelekea nyumba zetu. Tunajua ni bei: kila antene inaomba umeme, mazutu na mulinzi. Lakini faida inayotoka ku mayuniti yetu inaweza kubeba hiyo.

Na sisi pia tujisahihishe. Wale wenye kuweka ku paa mashini ya kuvuta rezo, bila ruhusa: nyumba yako inapata, lakini ile mashini inapiga kelele mu masikio ya antene, na kartiye nzima inateseka. Tuzitoshe.

Tunaomba mambo tatu. ARPTC, yenye kazi ya kuchunga frekanse, ije kupima hapa saa ya kubadilisha posti, si siku ya yenga asubui. Sosiete za simu ziweke antene ndogo karibu na site za wafanyakazi. Na wakubwa wa migodi, siku ya ajali, wasingojee rezo: mutu mumoja asimame ku mulango na liste ya majina, aambie familia.

Wewe, andika mahali na saa rezo inakatika, pelekea delege wako. Tukienda ku meza ya mazungumzo na karatasi mia moja, hawatasema ni manunguniko tu.